Wakuu, nakusanya vifaa vya turbo kidogo kidogo: kinachofuata kiwe kipi?

Silinda_Sita:
Habari zenu wakuu. Nina Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GE, ile isiyo na turbo, feni ya kuisukumia injini hewa. Miaka miwili sasa nanunua kifaa kimoja kimoja kila nikipata upenyo: turbo ya mtumba, manifodi ya ekzosi, na intakula, ile rejeta ya kupoza hewa. Vyote viko chini ya kitanda. Bado nozeli kubwa za kupulizia mafuta, pampu ya mafuta na kompyuta ya kutyunia. Hela iliyopo inatosha kitu kimoja tu. Fundi mmoja anasema nozeli, mwingine pampu. Nikikosea hapa nitakaa miezi mingine mingi nikijichanga, ndiyo maana hata usingizi sipati vizuri. Nianze na kipi?

BintiSpana:
Kaka, anza na geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta. Nasema kwa uchungu. Mdogo wangu alifunga turbo, geji akasema atanunua mwisho wa mwezi. Siku nne gari lilivuta mpaka raha. Ya tano, kwenye mlima, likapoteza nguvu ghafla. Tulipofungua silinda hedi, pistoni ya 4 ilikuwa na tundu la kupitisha kidole, kingo zimeyeyuka kama nta. Injini ikitembea taratibu, hewa 14.7 kwa mafuta 1 inatosha. Turbo ikianza kusukuma inataka mafuta zaidi, kwenye 11.5 mpaka 12 kwa 1. Yeye alikuwa anakanyaga tu bila kuona chochote.

Mzee_wa_Plagi:
Kijana, breki umebadilisha? Tairi je? Siku hizi vijana mnatafuta mbio kwanza, kusimama mtajua mbele ya safari. Gari ni la kukufikisha ukiwa mzima.

Kijiti:
Miaka miwili! Hicho kitanda sasa kina nguvu kuliko gari 😂

Fundi_Mkongwe:
Mbona mnakimbilia vifaa? Hali ya injini yenyewe ikoje? Umepima kompresheni?

Silinda_Sita:
Injini iko vizuri mkuu, inawaka kwa mkupuo mmoja. Kompresheni ni 8.5 kwa 1, turbo itaipokea bila shida.

Fundi_Mkongwe:
Huo ni uwiano wa kiwandani, pistoni inabana hewa mara ngapi. Mimi nataka presha uliyosoma kwenye geji, silinda moja moja. Namba sita.

Mwendapole:
Wakuu, hii ni chai. 8.5 kwa 1 ni ya 1JZ-GTE, ile iliyotoka kiwandani na turbo mbili. GE ni 10 kwa 1, na yenye VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu, ni 10.5. Mtu anakusanya vifaa miaka miwili hajui injini yake? Huyu hana gari.

Kijiti:
Halafu picha hakuna hata moja. Nilishaanza kumwonea huruma.

BintiSpana:
Au ndiyo wale wanaotaka tuisifie turbo, kesho aiweke sokoni.

Silinda_Sita:
Si chai jamani, na turbo siuzi. Hiyo 8.5 niliisoma mahali nikadhani 1JZ zote ni sawa.
Kompresheni nilipima mwezi uliopita: psi 170, 168, 172, 169, 118, 170. Ya tano ndiyo hiyo 118. Plagi yake nikiitoa imelowa oili, nyeusi tii, hata nyuzi zake zinateleza mkononi. Zile tano nyingine ni kavu. Sikusema kwa sababu nilijua mtaniambia niache. Lakini moshi unatoka asubuhi tu, na oili naongeza lita moja kila wiki tatu. Turbo nitaiendesha kwa presha ndogo, bar 0.4 basi. Na manifodi nimeshalipia ikachomelewe.

Mwendapole:
Mtu wa kutunga asingekumbuka nyuzi za plagi. Nimekosea ndugu, niwie radhi.

Fundi_Mkongwe:
Bar 0.4 kwenye pistoni za 10 kwa 1 inawezekana, tyuni ikiwa safi. Kwa silinda iliyochoka haiwezekani. Oili ikiingia kwenye chumba cha moto, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na unajua pistoni ya mdogo wake BintiSpana iliishia wapi.
Fanya hivi. Toa plagi zote, kata umeme wa nozeli na wa koili, kanyaga aksileta mpaka chini, upime tena. Kisha mimina oili kijiko kimoja kwenye ya tano, upime mara ya pili. Namba ikipanda, ni ringi za pistoni au ukuta wa silinda. Ikibaki palepale, tafuta valvu au gasketi.
Na hiyo turbo, shika shafti uisukume ndani na nje. Usisikie mchezo wowote. Ikicheza kidogo tu kwa pembeni ni kawaida, mradi mapanga hayagusi nyumba yake.

Mzee_wa_Plagi:
Breki bado hajajibu.

Silinda_Sita:
Breki za mbele nimebadilisha, mzee wangu, na tairi ni mpya.
Nimetoka kupima sasa hivi, mikono bado ina grisi. Bila oili 118. Nimeweka kijiko, imefika 156. Nimerudia mara mbili.
Shafti ya turbo haichezi ndani na nje. Nimeirudisha kitandani, nimeziba midomo yake kwa kitambaa.

Fundi_Mkongwe:
Basi anza na ringi. Injini ikifunguliwa pima na kuta za silinda kabla hujanunua chochote, zikiwa zimelika utahitaji pistoni za oversaizi, kubwa kidogo kuliko za kiwandani. Na toa hicho kitambaa, nyuzi zake zitaingia kwenye njia ya oili. Ziba kwa tepu.

Silinda_Sita:
Nimekitoa. Ila mkuu, ringi si naweza kununua za hiyo silinda moja, hela inayobaki nikaweka kwenye nozeli?

Fundi_Mkongwe:
Seti nzima.