Stratocaster ya 1963 au iliyozeeshwa? Naomba ushauri kabla ya kulipa

Mpigaji wa Malindi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Napiga gitaa katika bendi ya hoteli hapa Malindi, na gitaa langu la miaka tisa limeharibika shingo kiasi kwamba halikubali tena kusawazishwa. Wiki iliyopita mgeni mmoja anayefunga nyumba yake ya ufuoni ili arudi kwao alinionyesha gitaa la umeme la Fender, aina ya Stratocaster, nyekundu, ambayo anasema ni ya mwaka 1963, na kwamba imekaa katika nyumba hiyohiyo tangu miaka ya 1970. Vanishi imepasuka mistari myembamba mwili mzima, mbao iko wazi pale mkono wa kulia unapoegemea, na mgongo wa shingo umechujuka ukawa laini kama mpini wa jembe la siku nyingi.

Bei anayoitaka ni kubwa kwangu, lakini ni ndogo mno kwa Stratocaster halisi ya mwaka huo, ambayo ng'ambo huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Hapo ndipo wasiwasi unaponiingia, kwa sababu nimesikia kwamba siku hizi magitaa mapya huzeeshwa na viwanda vyenyewe. Nitatofautishaje? Na kwa mtu anayepiga usiku nne kwa wiki kando ya bahari, uzee wa kweli una faida gani inayosikika?

Fundi wa Langoni, Lamu

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Mimi ni seremala, si mpigaji, ila magitaa kadhaa yamepita mikononi mwangu kwa ajili ya kutengenezwa. Ulilosikia ni kweli wala si siri. Mwaka 1995 karakana maalumu ya Fender, Custom Shop, ilianza kuuza magitaa iliyoyaita Relic, na ya mwanzo yalizeeshwa na Vince Cunetto katika karakana yake mwenyewe huko Missouri. Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, nao walifungua karakana ya kuzeesha iitwayo Murphy Lab mwaka 2021, wakiipa jina la Tom Murphy, aliyekuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kingo husuguliwa kwa msasa, vyuma hupitishwa kwenye mvuke wa tindikali, na vanishi hupasuliwa kwa wembe au kwa baridi ya ghafla. Mimi sioni aibu katika kazi hiyo maadamu gitaa linauzwa kwa jina lake na kwa hati yake. Hapa Lamu nimetengeneza viti vya enzi vipya kwa mfano wa vile vya zamani, na mnunuzi aliyetaka nivipake rangi ya uzee nilimpakia, lakini risiti iliandikwa mwaka niliouchonga.

Sasa turudi kwenye mistari hiyo, maana ndiyo iliyonizuia kulala. Magitaa ya Fender ya wakati ule yalipakwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo ni nyembamba na huzidi kukauka kadiri miaka inavyopita. Mbao hutanuka na kusinyaa chini yake, na vanishi ikishindwa kuifuata hupasuka. Kinachoipasua kwa wingi zaidi ni kutoka ghafla kwenye baridi kali kwenda kwenye joto, kama gitaa linapotolewa ndani ya gari wakati wa theluji na kuingizwa kwenye ukumbi wenye joto. Malindi baridi hiyo inatoka wapi? Chumba chenye kiyoyozi kinaweza kuleta mistari michache, lakini mwili mzima uliopasuka hauafikiani na kisa cha nusu karne ufuoni. Alama ambayo pwani yetu huiacha ni kutu. Hebu tazama skurubu ndogo za daraja la nyuzi: kama gitaa hili limepumua chumvi ya kaskazi na kusi kwa miaka hamsini, skurubu hizo zitakuwa zimeliwa, na huenda nyingine zimeshikana kabisa. Zikizunguka kwa ulaini huku rangi ikionekana imechakaa vile, muulize mwenyewe maswali zaidi.

Mzee wa Bendi, Mombasa

Mwanangu, Fundi amesema vyema kuhusu ngozi ya gitaa, nami nitakueleza yaliyo tumboni. Muombe mwenyewe ruhusa ulifungue mbele yake. Mwenye gitaa la kweli hakatai. Ukiitoa shingo, chini yake kwa gitaa la 1963 utatarajia mhuri wa wino wenye mwezi na mwaka. Kisha inua bamba la plastiki. Bamba la miaka ile lilikuwa la seluloidi, ambayo husinyaa kwa umri, na mara nyingi hupasuka karibu na skurubu. Kwenye vidhibiti vya sauti utakuta namba: 304 ni ya kiwanda cha Stackpole, 137 ni ya CTS, na katika zile za miaka ya 1960 tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, kisha wiki. Namba hiyo haithibitishi siku gitaa lilipotengenezwa, lakini kama vidhibiti havijabadilishwa, gitaa haliwezi kuwa na umri kuuzidi wao. Angalia pia kama risasi ya kulehemu imefifia au inang'aa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau: uchakavu sharti uwe na mwenyewe. Rory Gallagher, mpigaji gitaa wa Ayalandi, alinunua Stratocaster ya 1961 mjini Cork mwaka 1963, na kwa miaka aliyoipiga rangi yake ilitoka hadi ikabaki mbao karibu tupu. Huo ni mwili wa mtu mmoja, jasho lake na mkono wake. Wewe unasema mgongo wa shingo umechujuka. Je, freti, vile vipande vya chuma vilivyopita shingoni chini ya nyuzi, nazo zimelika? Shingo iliyoshikwa kiasi hicho yenye freti ndefu kama mpya ama imebadilishwa freti, ama haikushikwa na mtu.

Kuhusu sauti, nimepiga ya 1964 ya rafiki yangu na nimepiga Relic, na tofauti niliyoisikia ilikuwa ya gitaa moja na jingine, si ya umri. Kwa kazi ya hoteli, ambako nyuzi mpya hushika kutu ndani ya wiki, nisingepeleka gitaa la 1963 hata ningelipewa bure.

Binti Shela

Mimi sikubaliani na Fundi kwa jambo moja, kwa heshima zote. Baba yangu aliniachia gitaa lenye mkwaruzo mmoja mrefu, na najua ni usiku gani na ni kifungo gani cha koti lake kilichoukwaruza. Alama iliyopigwa kwa msasa haina usiku wake. Anayeipenda ainunue, lakini mimi singeweza kulizoea gitaa linalonionyesha maisha ambayo hayakuwapo.

Mpigaji wa Malindi

Nawashukuru sana, Mzee wangu, Fundi na dada yangu. Jana tulilifungua mezani kwa mgeni yule, naye alikubali bila kinyongo. Skurubu za daraja zilizunguka kama zilizotiwa mafuta asubuhi. Bamba halikuwa limesinyaa hata kidogo, freti zilikuwa ndefu, na vidhibiti vilianza na 137 vikifuatwa na tarakimu za mwaka 2005. Nyuma ya kichwa cha shingo, pale Custom Shop hubandika alama yake, palikuwa na duara pamesuguliwa laini kuliko mbao ya pembeni, na kidole kilipahisi kabla jicho halijapaona.

Mgeni alinyamaza muda mrefu, kisha akasema naye aliuziwa hivyohivyo, na nilivyomtazama usoni nilimwamini. Dada yangu, nimekuelewa, lakini shingo ile inanikaa mkononi kuliko yoyote niliyowahi kushika. Nimemwambia nitalinunua kwa bei ya Relic iliyotumika isiyo na hati, na risiti iandikwe wazi kwamba ni gitaa lililozeeshwa, ili atakayelinunua kwangu siku moja asije kuuliza swali langu hapa. Ameniomba siku tatu za kufikiri.