Familia ya Buruburu: maji moto hayatoki kwa Mama

Mama: Habari za asubuhi wanangu. Maji yamerudi usiku baada ya mgao, lakini paipu zinanguruma ukutani. Mfereji wa maji moto bafuni unakohoa, unatema kidogo, kisha kimya. Ya baridi jikoni yako sawa. Fundi amekuja anasema paipu imeziba, lazima avunje ukuta. Ameitisha 18,000.

Juma: Mama, asivunje chochote! Mjomba Hamisi uko?

Mjomba Hamisi: Nipo. Dada, mwambie fundi asubiri. Kabla ya mgao maji moto yalikuwa yanatoka vizuri?

Mama: Vizuri kabisa kaka. Hadi tangi la juu likakauka.

Mjomba Hamisi: Basi huenda hakuna kilichoziba. Uchafu mara nyingi huziba polepole, mnaona maji yakipungua wiki baada ya wiki. Yakikatika siku moja tu tangi lilipokauka, mara nyingi hiyo ni hewa. Paipu zikiwa tupu hewa inaingia, na maji yakirudi inanaswa mahali paipu inapopanda kisha kushuka.

Juma: Napajua! Waliopanua jikoni waliipitisha paipu ya maji moto juu ya fremu ya mlango.

Mjomba Hamisi: Hapo hapo. Ya jikoni yanatoka kwa laini ya mtaa, yana nguvu yake. Maji moto yanatoka kwenye sola ya juu, yanategemea kimo cha tangi pekee. Ili upate baa 1 ya presha unahitaji mita 10 za kimo. Tangi la Mama liko kama mita 3 juu ya mfereji, hiyo ni baa 0.3. Haiwezi kuisukuma hewa ishuke upande wa pili.

Neema (Leeds): Pole Mama 😔 Mjomba, na huku Uingereza rejeta ya chumbani (chuma cha maji moto kinachopasha chumba joto) inabubujika usiku kucha. Chini moto, juu baridi. Ni hewa pia?

Mjomba Hamisi: Ni hewa, mwanangu. Yako nakujibu baadaye, ya Mama ina haraka kwa sababu ya jua. Juma, uko wapi?

Juma: Donholm. Naweza kufika sasa hivi.

Mjomba Hamisi: Njoo na mpira wa maji na klipu mbili. Kwanza panda juu uangalie ile paipu ya kupumua, inayotoa hewa kwenye tangi la sola. Iwe wazi kabisa! Wengine huiziba wakidhani inavuja, na tangi lile halikuundwa kubeba presha, linapasuka. Pia funika vioo vya sola kwa blanketi. Kama ndani ni pakavu na jua limeshika, maji baridi yakigusa vioo ghafla vinapasuka.

Juma: Sawa. Halafu?

Mjomba Hamisi: Unganisha mfereji wa baridi wa jikoni na ule wa moto kwa mpira. Fungua wa moto kwanza, kisha wa baridi kidogo kidogo. Nguvu ya laini itairudisha hewa juu hadi itokee kwenye paipu ya kupumua. Ukiisikia ikipanda, funga wa baridi, funga wa moto, toa mpira. Usiuache hapo hata dakika moja bila kazi, kwa sababu laini ya mtaa ikikosa presha itafyonza maji ya nyumba.

Mama: Na ule mlio wa "ko!" nikifunga mfereji wa sinki?

Mjomba Hamisi: Huo ni ugonjwa mwingine dada. Maji yanayokimbia yakizuiwa ghafla yanapiga paipu. Funga taratibu, na Juma akaze paipu ukutani pale inapocheza.

Mjomba Hamisi: Sasa Neema. Zima boila inayopasha maji ya rejeta, ngoja rejeta ipoe. Shika kitambaa chini ya skrubu ya pembeni juu, zungusha ule ufunguo mdogo kwenda kushoto robo tu. Itafanya ssss. Maji yakianza kutoka bila kukatika, funga. Kisha tazama geji ya boila ikiwa baridi, iwe baa 1 hadi 1.5. Ikiwa chini ya hapo, ongezeni maji kama kitabu cha boila kinavyoelekeza. Na ukilazimika kuitoa hewa kila wiki, huenda kuna mahali panavuja, usinyamaze.

Neema (Leeds): Asante sana Mjomba. Ingekuwa juu moto, chini baridi?

Mjomba Hamisi: Hayo ni matope ya kutu yametulia chini, ufunguo hauyasaidii.

Juma: Imetoka!! Imenguruma hadi juu, sasa bafuni yanamwagika vizuri. Paipu ya kupumua iko wazi.

Mama: Mungu akubariki mwanangu. Kaka, asante. Fundi nimemlipa nauli yake.

Mjomba Hamisi: Vema. Lakini mgao ujao hewa itarudi palepale. Juma, tafuta fundi aishushe ile paipu ipite chini ya dirisha, iwe inapanda kuelekea sola bila kigongo. Mpaka hapo, tangi likibaki robo Mama afunge vali ya kwenda sola na asifungue mfereji wa moto.

Juma: Vali ipi, nyekundu au bluu?

Mjomba Hamisi: Nitumie picha.