Bafu linavuja tena miezi mitano baada ya ukarabati. Dhamana ya miaka 10 ni ya nani?

Ghorofa ya Juu:

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijaharibu zaidi.

Miezi mitano iliyopita nilirekebishiwa bafu la juu. Vigae vya zamani viling'olewa, tundu la kutolea maji likabadilishwa, ikapakwa dawa ya kuzuia maji, kisha vikawekwa vigae vipya. Fundi alisema kazi ina dhamana ya miaka 10, akanionyesha na ndoo ya dawa iliyoandikwa hivyo. Wiki hii dari ya chumba cha chini, anacholala mama yangu, imetoa doa kubwa kama sahani. Nimempigia fundi, anasema dhamana ni ya kiwanda, niwatafute wao. Kiwanda wamenijibu kwamba dawa haina kasoro, tatizo ni upakaji. Shemeji yangu yuko tayari Jumamosi apitishe silikoni kona zote. Nimruhusu?

Fundi Mabafu:

Pole sana ndugu yangu, na mama pia. Shemeji asubiri kwanza. Mtu mwingine akishagusa kazi, fundi wa kwanza amepata pa kutokea: atasema uvujaji umeletwa na huyo wa pili. Tena silikoni ya juu juu haizibi njia ya maji, inaificha tu.

Nimejenga na kukarabati mabafu kwa miaka 18, na huniuma nikisikia mwenzetu ameonyesha ndoo kana kwamba ndiyo ahadi yake. Hizo ni dhamana mbili. Ya ndoo ni ya bidhaa: kiwanda kinaahidi dawa haitaharibika ikipakwa walivyoelekeza, unene ule ule, mkono wa pili baada ya wa kwanza kukauka. Hata wakikubali kosa, mara nyingi utapewa ndoo nyingine, wala hawatalipia kuvunja na kurudishia vigae. Ya pili ni dhamana ya ufundi. Hiyo ni ya aliyeifanya kazi, na kiwanda hakimo.

Sasa tafuta maji yanapita wapi, maana bila hilo mtabishana mwaka mzima. Funga koki zote za nyumba, usiguse choo, soma mita, subiri saa mbili, soma tena. Ikisogea, bomba la maji safi linavuja mahali fulani. Isiposogea, ziba tundu la sakafuni kabisa, jaza maji kina cha sentimita 2 hivi, yasifike usawa wa kizingiti, uweke alama ya penseli ukutani. Acha saa 24. Maji yakishuka sana au doa likilowa, sakafu ndiyo inavuja. Doa likibaki kavu, zibua, kisha mwaga ndoo kadhaa moja kwa moja kwenye tundu ukiwa na mtu anayetazama chini.

Kabla ya yote hayo, zima umeme wa taa ya dari ile na mhamishe mama. Kama dari imeanza kutuna, usijaze maji kabisa. Ita fundi aitazame. Na mwalike fundi wako awepo. Akiyaona kwa macho yake, mabishano hupungua.

Niliumia Zamani:

Nakazia hilo la kumwalika. Mwandikie ujumbe wenye tarehe, picha za doa na siku unazoomba aje. Mimi nilikuwa napiga simu tu, na siku ya kudai sikuwa na cha kuonyesha zaidi ya neno langu.

Tangu hapo sianzi kazi bila karatasi moja yenye sahihi zetu wote wawili. Naandika dhamana inaanza kuhesabiwa siku gani (kwangu ni siku ya makabidhiano), fundi atakuja ndani ya siku ngapi nikimwita, na kama sehemu iliyorudiwa inaanza hesabu upya. Zaidi ya yote: nani analipia kuvunja ili kufikia kasoro? Hapo ndipo pesa yangu yote ilikwenda, kwa kuwa bomba lenyewe lililovuja lilikuwa kitu kidogo. Pia nabakiza sehemu ya malipo hadi muda wa kuangalia kasoro upite. Kwenye mikataba mikubwa ya ujenzi ni jambo la kawaida, mara nyingi asilimia 5 au 10.

Ghorofa ya Juu:

Nimerudi. Mita haikusogea. Sakafu tuliijaza saa 24, alama haikushuka na doa lilikauka kabisa. Tulipomwaga maji kwenye tundu, ndoo ya pili haijaisha mama akaita kutoka chini: yanadondoka. Fundi alikuwa amesimama pale pale. Amekubali kwamba ni ungio la tundu alilofunga yeye, atavunja na kurudishia kwa gharama yake. Nimsimamie vipi?

Fundi Mabafu:

Nimefurahi kwamba amekuja, huyo bado ni mtu wa kufanya naye kazi. Ungio likishafungwa upya, mwage maji tundu likiwa wazi, mtazame chini. Kisha ahakikishe dawa imeshuka hadi ndani ya shingo ya tundu na kupandana na ile ya zamani, isiishie pembeni. Ikikauka, jazeni sakafu tena saa 24 kabla ya kigae kurudi. Piga picha kila hatua, na aandike dhamana yake na tarehe mpya kwenye karatasi.

Silikoni ya kona iache angalau siku nzima bila maji, na usisafishe kwa dawa zenye asidi, zinakula grauti, ile saruji inayojaza nafasi kati ya vigae. Silikoni ikichakaa baada ya miaka ni juu yako kuibadilisha, hiyo dhamana haiigusi. Dari ya mama msiipake rangi hadi lipu ikauke kabisa, la sivyo itabanduka na utadhani bafu limevuja tena.