Je, Rehani linafaa kuwa jina la mtoto wa kike?

Mjukuu wa Wete
Assalaamu alaykum. Natarajia kujifungua mwezi ujao, inshaallah, na tumeshaambiwa kuwa ni mtoto wa kike. Nimelelewa na bibi yangu hapa Wete, ambaye mrehani wake wa pembeni mwa kisima ulikuwa ukichumwa na mtaa mzima kila palipokuwa na harusi, ukafungwa vikuba pamoja na asumini na mkadi. Kwa sababu hiyo nilitaka mwanangu aitwe Rehani. Mume wangu amelipenda, lakini wifi yangu amelikataa kabisa, akisema kwamba mtu hamweki mwanawe rehani, na kwamba atataniwa skuli mpaka alichukie jina lake. Bibi mwenyewe anacheka tu. Majina ya maua tumeyazoea, kina Asumini na Warda, lakini jina la jani sijalisikia kwa msichana wa mtaani kwetu. Naomba ushauri.

Mwalimu wa Kiarabu
Wa alaykumu ssalaam. Wifi yako amesikia sawasawa, ila asili ya neno imempotea. Jani letu limetokana na *rayhan*, lenye ile ha ya kooni, na ni jamaa ya *rihi*, yaani upepo au harufu. Rehani ya mkopo imetokana na *rahn*, yenye ha nyepesi. Kwa kuwa Kiswahili kina h moja tu, maneno hayo mawili yasiyo na udugu yamekuja kufanana kama pacha. Qur'ani inayataja yote: jani limo katika Surat Ar-Rahman, aya ya 12, na Al-Waqi'a, aya ya 89, rehani ya deni imo katika Al-Baqara, aya ya 283.

Hata hivyo nisingekushauri Rehani, kwa kuwa huku pwani ni jina la wanaume. Mwite Raihana, ambalo kwa Kiarabu ni kitawi kimoja cha mrehani. Ndilo jina la Bibi Raihana bint Zayd, aliyekuwa katika nyumba ya Mtume (S.A.W.), na ndilo neno alilolitumia Mtume kwa wajukuu wake Hasan na Husein, aliposema kuwa ni raihana zake mbili katika dunia.

Kijana wa Konde
Nanaa je? Ni fupi na linanukia.

Bi Mkubwa wa Mkoani
Nanaa ni ya chai, mwanangu, mwache mwenzio. Mimi naliunga mkono Raihana, lakini liandikwe kwa «ai», maana ukiandika Rihana kila mtu atadhani umemfuata yule mwimbaji wa Barbados. Mueleze baba mtoto atakayekwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa, tena umwandikie kwenye karatasi, kwani wangu mimi aliondoka na jina moja akarudi na jingine. Na umshukuru bibi yako kwamba aliyeotesha kisimani ni mrehani. Kivumbasi nacho ni cha ukoo huohuo na kinanukia, lakini sisi tunakifukizia mbu, na sijui msichana wa jina hilo angepata mchumba wapi.

Msomaji wa Chake
Naongeza jambo moja kwa ajili ya wifi. Katika Hadithi iliyopokewa na Samura bin Jundub imeelezwa kwamba kila mtoto yumo rehani kwa akika yake, ambayo huchinjwa siku ya saba, akanyolewa na kupewa jina. Rehani inayotajwa hapo ndiyo hiyohiyo anayoichukia, na inamhusu mtoto yeyote, hata angeitwa Fatma. Kwa hiyo badala ya kugombania jina, wifi na achangie mbuzi.

Mjukuu wa Wete
Nimewasomea nyote bibi na wifi. Wifi amekubali Raihana, ingawa kuhusu mbuzi amenyamaza. Bibi ndipo aliposema kilichokuwa kikimchekesha: kwamba utotoni mwake shangazi zake walikuwa wakimwita Kirehani kwa udogo wake, na kwamba jina hilo hajalisikia tena tangu walipofariki. Nimeshaliandika kwenye karatasi, kwa «ai».