Tupeane uzoefu: nani amewahi kucheza mwanaakiolojia kwenye michezo ya kutisha ya mezani?

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za jioni. Sisi tunacheza Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake, kila Jumamosi, na ujuzi wa akiolojia kila mtu anauruka. Mhusika anaanza na asilimia 1 tu, basi pointi zote zinaishia kwenye bastola. Mimi ndio ujuzi ninaoupenda kuliko wote.

Mchezo wetu ulikuwa Misri, 1926, miaka minne baada ya mwanaakiolojia Howard Carter kulifikia kaburi la farao Tutankhamun. Akiolojia yangu ilikuwa asilimia 60, nikarusha dadu, ikaja 23; ikiwa chini ya 60 umefaulu. Msimamizi, yule anayeendesha hadithi, akaniambia: "Plasta ya nje ya mlango ni ya kujaziajazia. Ile iliyolainishwa vizuri kwa mwiko iko upande wa ndani." Hakutaja jini wala maiti. Mezani kimya. Aliyeufunga ule mlango hakutoka.

Mjumbe, Mombasa
Mkuu, hapo umenigusa. Mimi ni msimamizi, na mchezo wangu niliuweka Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili pwani ya Kenya, 1948, mwanaakiolojia Kirkman alipoanza kuchimba. Pale pana kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na visima vyake vingine viliongezwa kina. Mchezaji wangu akaomba ateremke kisimani akague. Akafaulu. Nikamwambia vishikizo vya miguu ukutani vimelika, ila vimelika upande wa chini, si wa juu. Dada yule akaweka penseli mezani, akauliza polepole, "Kwa hiyo kilikuwa kinapanda kichwa chini?" Ametambua mwenyewe, ndio maana iliingia.

Mjumbe, Dodoma
Kwetu ilituharibikia. Dokezo kubwa lilifichwa nyuma ya urushaji mmoja, tukafeli, tukazunguka saa nzima hatuna pa kwenda. Siku hizi ukifeli dokezo unalipata, ila umeliharibu. Juzi mwenzetu alifeli, akaamua kulazimisha kwa kurudia, akasema anaacha mwiko anachukua jembe. Akafeli tena. Kibao tulichokuwa tunakichimba tulikipata, lakini matabaka yote ya udongo yamevurugika, hatutajua kamwe kilizikwa kabla ya watu waliozikwa pale au baada yao. Na huko uwanjani ndivyo ilivyo: tabaka ukishalichimba halirudi.

Mjumbe, Lindi
Wenye kutafuta mwanzo wa hadithi, chukueni hili, ni la kweli: 1944, kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, askari aliokota sarafu za shaba mchangani. Tano zilikuwa za Kilwa. Zilifikaje kule, hadi leo watu wanabishana. Mimi nawapa wachezaji sarafu moja mkononi kabla sijasema neno, halafu nauliza nani ana akiolojia.

Mwanzisha mada
Hiyo ya Kilwa naianza Jumamosi hii hii. Mkuu wa Lindi, sarafu unaitengeneza kwa kitu gani, bati au udongo?