Mrejesho: Kuishiwa nguvu baada ya kilomita 15

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini huishiwa nguvu nikipita kilomita 15 katika mbio zangu za alfajiri kati ya Nyali na Bamburi, Mombasa. Nilianza kula uji na ndizi saa mbili kabla ya kukimbia, kisha njiani nikapata gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa kwa tende na maji yenye sukari na chumvi kidogo, na sasa namaliza kilomita 21 bila kulegea. Madafu niliyoyategemea mno yana potasiamu nyingi lakini sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) kidogo, hivyo peke yake hayafidii jasho la joto letu. Vidonge vya madini ya chuma niliviacha, kwani kipimo cha damu hakikuonyesha upungufu. Vigimbi bado hukakamaa.