Malengo ya kusoma saikolojia digrii ya kwanza: karatasi imerudi nyekundu, naandika nini?

binti_wa_singida
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza saikolojia, semista ya pili, chuo sitaji. Wiki iliyopita kwenye semina mwalimu alitupa kazi, kila mtu aandike malengo yake matano ya kujifunza, yaani mpaka unamaliza mwaka wa tatu utakuwa unaweza kufanya nini ambacho leo huwezi. Mi nikaona hii ya kuteleza tu, nikaandika usiku kwenye simu, asubuhi nikahamishia kwenye karatasi nikakabidhi. Nilichoandika (msicheke): kumwelewa binadamu, kuisaidia jamii yangu, kujua nadharia zote za saikolojia, kuwa mwanasaikolojia bora, na GPA (wastani wa alama) ya 4 kwenda juu. Karatasi imerudi ina wino mwekundu, kila lengo kaliwekea swali hilo hilo moja, "utajuaje kwamba umefika?" na pale kwenye GPA kaandika "hili ni la chuo, lako liko wapi?"

Nimekaa nayo siku tatu. Tuseme ukweli, saikolojia sikuichagua, niliomba sheria nikakosa nikajikuta huku, na nyumbani baba anawaambia watu nasomea udaktari wa vichaa nami nimeacha tu kumrekebisha. Sasa mliosoma hii kitu naomba mniambie, mlitoka na nini? Sio mlichoandikiwa kwenye cheti, mlichobaki nacho. Natakiwa kurudisha Jumatatu.

Chumvi Kidogo
Lengo la kwanza andika: kuweza kumjibu mtu anayesema "we si unasoma saikolojia, haya niambie nawaza nini". Lengo la pili: kumjibu bila kumtukana. Hayo yanapimika kabisa, tena kila harusi utapewa mtihani 😂

mzee_wa_fildi
Mdogo wangu, nimemaliza miaka tisa iliyopita nikiwa kama wewe tu, wa kukariri. Piaget hatua 4 za ukuaji wa akili, Erikson hatua 8 za maisha, Wundt kafungua maabara ya saikolojia Leipzig mwaka 1879, Pavlov na mbwa wake, ukiniamsha usiku wa manane nakutajia. Desa (notisi za kukariri) nililokuwa nalo watu walikuwa wanapanga foleni kulipiga kopi.

Basi nikaenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Nikapewa dodoso la kupima sonona (depression), lile la PHQ-9 ambalo limetafsiriwa Kiswahili, maswali 9, kila swali unajaza 0 mpaka 3 kwa hiyo juu kabisa ni 27, na kawaida mtu akifika 10 ndio unamwangalia kwa karibu zaidi. Kazi nyepesi hiyo, nikasema. Nikakaa na mama mmoja, nikamuuliza kama wiki mbili zilizopita amekosa hamu ya kufanya mambo, akanijibu "mwanangu hamu nitaitoa wapi na kula yenyewe ya kutafuta". Nikajaza 3. Usingizi? Haupati, nyumba inavuja na ni masika. Nikajaza 3. Hamu ya kula? Akanitazama tu. Nikajaza kitu, sikumbuki hata nilijaza nini. Mwisho wa siku mama wa watu kapata 17 nami najiona mtaalamu, nikampelekea msimamizi, akaisoma akaniuliza swali moja, "hii 17 ni ya sonona au ni ya njaa?"

Sikuwa na jibu, na kozi ya upimaji nilipata A.

Simaanishi dodoso ni bovu, lile dodoso limesaidia watu wengi sana, na yule mama inawezekana alikuwa na vyote viwili, njaa na sonona, maana hivyo vinatembea pamoja. Ninachosema ni kwamba mimi nilijua kujumlisha tu. Kwa hiyo ningekuwa wewe lengo mojawapo ningeliandika hivi: nikipewa dodoso lolote niweze kueleza linapima nini, lilitengenezewa watu gani, na kwa huyu niliyekaa naye hapa linaweza kunidanganya wapi. Hapo akikuuliza utajuaje umefika unamwambia nipe dodoso.

ticha_wa_takwimu
Mzee wa fildi umenikumbusha maumivu. Mimi nafundisha (sio huko kwako binti, usiogope) na hiyo karatasi nyekundu ningeirudisha hivyo hivyo.

Tatizo lako ni vitenzi. Kuelewa, kujua, kuwa bora, hivyo vyote viko ndani ya kichwa chako na mimi sina mlango wa kuingia huko nikakague. Mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom na wenzake walishalihangaikia hili tangu 1956, na ukiuchukua mpangilio wao, ulivyorekebishwa 2001, kwa lugha yetu unapata vitu kama kutaja, kueleza kwa maneno yako, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni. Angalia hapo mtihani wetu mwingi unaishia kwenye kutaja. "Taja na ufafanue" halafu kwenye ufafanue mtu anataja tena.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawajui, Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, APA, kina mwongozo kabisa wa nini mhitimu wa digrii ya kwanza awe anaweza. Mwaka 2007 walikuwa na malengo 10, 2013 wakayakaza yakawa 5, na toleo la 2023 bado ni 5 ila wameyaandika upya. Kwa kifupi ni maarifa ya fani yenyewe, kufikiri kisayansi na kuhoji, maadili, mawasiliano, na kujijenga wewe binafsi na kikazi. Hesabu mwenyewe. Nadharia zote ulizotaka kuzijua zinakaa kwenye lengo moja kati ya matano. Manne yaliyobaki ni vitu vya kufanya, wala hukuvigusa, tena sio wewe peke yako, darasa langu zima la mwaka huu hakuna aliyegusa maadili, hata mmoja!

Hilo la kuhoji ndilo ningekaa nalo sana. Mwaka 2015 watafiti wengi kwa pamoja walirudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimechapishwa kwenye majarida yenye heshima. Zile za mwanzo karibu zote, asilimia 97, zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani si rahisi kuyasingizia bahati. Ziliporudiwa zikabaki asilimia 36. Kila mwaka nikiwaambia wanafunzi hili kuna anayeuliza kwa hiyo tunasoma uongo? Hapana. Waliofichua ni wanasaikolojia wenyewe kwa kutumia zana zile zile unazozikimbia kwenye kozi ya takwimu. Mhitimu akiletewa "utafiti umeonyesha" anatakiwa aulize watu wangapi, walichaguliwaje, walilinganishwa na nani, na je kuna mwingine amerudia. Ukiweza kufanya hivyo na ukurasa mmoja wa gazeti umenifurahisha kuliko anayenitajia Erikson.

Na hili la desa, samahani mzee wa fildi, Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, kundi moja likarudia kusoma na kusoma, lingine likasoma halafu likafunika karatasi na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma wakaongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima wakawaacha mbali. Sasa sisi tunasomaje? Usiku wa kuamkia UE (mtihani wa mwisho wa semista), slaidi mara nne. Tunafaulu zile dakika 5.

mkereketwa77
Ticha nakuheshimu ila ndo yale yale, APA APA. Marekani wanatuandikia malengo mpaka ya kufikiri? Hiyo saikolojia yao wamewapima wanafunzi wao wa mwaka wa kwanza wanaotafuta maksi za ziada halafu wanaandika "binadamu". Binti usikopi hayo, andika ya kwako ya hapa.

ticha_wa_takwimu
Mkereketwa hapo umesema kweli kuliko unavyodhani, na waliolisema kwa nguvu ni watu wa huko huko. Henrich na wenzake mwaka 2010 walionyesha kwamba kwenye majarida makubwa yaliyohesabiwa, asilimia 96 ya watu waliopimwa walitoka nchi za viwanda za Magharibi, ambazo zina kama asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Sasa umeonaje, ili uweze kulalamika hivyo kwa ushahidi unahitaji lile lile lengo la pili, la kuhoji. La sivyo inabaki hasira ya kijiweni.

Na ukitaka mfano wa hapa barani nenda Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alianza 2006 huko Harare na bibi 14, bibi wa kweli wa mtaani, wanafundishwa kisha wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia mtu apange matatizo yake moja moja. Hawaanzi na neno la kizungu, wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, ambalo Mswahili yeyote analielewa, sisi si tunasema "ana mawazo"? Na dodoso lao la maswali 14 lilitengenezwa huko huko kwa namna Washona wanavyoeleza shida zao. Halafu hawakuishia kujisifu, wakapima kwa majaribio ya watu 573, yakachapishwa 2016, na waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Vyote viwili hapo, cha kwetu na kilichopimwa.

mzee_wa_fildi
Laiti ningelijua hilo dodoso la Washona kabla ya yule mama. Sio kwamba ningelitumia, ila ningejua kuna watu walianza kwa kusikiliza kwanza ndo wakaandika maswali.

nyali_kwetu
Hamjambo majirani, nimepita nikasema nichangie. Huku kwetu Kenya kuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na jambo moja inalokufundisha haraka ni kuwa huwezi kuamka tu ukajiita mwanasaikolojia kwa sababu ulikaa darasani. Nasema hivi kwa kuwa tulikuwa na mwenzetu, tukiwa mwaka wa pili tu, kafungua ukurasa anashauri watu mambo ya ndoa na msongo, wallahi alikuwa hodari wa maneno na wafuasi anao. Siku moja akaandikiwa usiku na msichana anayesema hataki kuishi tena. Jamaa akatupigia sisi, anatetemeka, "nimwambie nini?" Twashukuru mmoja wetu mamake ni muuguzi, mama huyo akachukua simu, akamweka yule dada kwenye mazungumzo mpaka dadake mkubwa akapatikana na kumpeleka hospitali. Ukurasa ulifungwa kesho yake.

Kwa hivyo dada, lile lako la kuwa mwanasaikolojia bora lipunguze. Digrii ya kwanza haikufanyi mtabibu. Andika: niweze kutambua mtu aliyezidi uwezo wangu, na nijue namkabidhi kwa nani, kwa simu gani, mtaa huu ninaoishi. Mimi nilimaliza nikaingia kazi za rasilimali watu na hilo ndilo natumia mpaka leo, mfanyakazi akija analia ofisini najua pa kuishia.

Chumvi Kidogo
Na mimi nilikuwa naongeza utani lakini huyu wa Nyali kaninyamazisha.

binti_wa_singida
Jamani asanteni sana, shikamoo ticha. Nimeandika upya jana usiku, safari hii kwa kalamu. La kwanza nimechukua la dodoso la mzee wa fildi karibu lote, samahani mzee. La pili, nikisoma habari ya "utafiti umeonyesha" niweze kuandika maswali manne ya kuihoji na kusema ningeamini nini na nisingeamini nini. La tatu la Nyali, na nimeshaanza, nimeuliza hospitali ya wilaya kuna nani wa afya ya akili na siku gani yupo, kumbe ni Jumanne na Alhamisi tu, nisingejua. La nne, kabla ya kumuuliza mtu swali lolote la risechi niweze kumweleza anachokubali na kwamba anaweza kukataa, kwa Kiswahili na kwa Kinyaturu, kwa sababu bibi yangu Kiswahili chenyewe anakisikia kwa mbali.

La tano ndo limenitoa jasho, nimeandika niweze kumweleza mtu ambaye hajasoma ninachosomea bila kutumia neno hata moja la slaidi. Nikalijaribu kwa baba kwenye simu. Nikamwambia sisomei kutibu, nasomea namna ya kujua kama kinachosemwa kuhusu watu ni kweli, na namna ya kuwasikiliza. Akanyamaza weee nikadhani mtandao umekata, halafu akaniuliza, "kwa hiyo ukimaliza hutatibu mtu?" Nikasema hapana baba, mpaka nisome tena. Akasema "basi hiyo ada ni ya kusikiliza?"

ticha_wa_takwimu
Marahaba. Mwambie mwalimu wako la tano limeshafanyiwa jaribio la awali, mshiriki mmoja, matokeo mchanganyiko. Ila la nne ligawe, Kiswahili peke yake na Kinyaturu peke yake, usije ukafaulu nusu ukajipa yote. Na ile ya GPA?

binti_wa_singida
Nimeifuta kwenye karatasi. Nimeibandika kwenye kava la daftari 😅